Re: Mapipa makubwa ubavuni mwa Moskva

Mkuu, umeuliza yale mapipa makubwa yaliyopangwa ubavuni mwa Moskva, ile manowari ya Urusi, ni ya nini, na kwa nini yako nje wakati manowari za siku hizi huficha makombora chini ya sitaha.

Hayo ni makasha ya kombora la Bazalt, la kupiga meli: 16, manane kila upande, yote yameelekea omo (mbele ya meli) na kuinuliwa kidogo. Hayageuki. Kombora lenyewe lina karibu mita 12 na uzito wa tani zipatazo 5, wakati Harpoon, kombora la Wamarekani la kupiga meli, haifiki hata kilo 700. Dude kama hilo ukilisimamisha chini ya sitaha linakula meli nzima, kwa hiyo Wasovieti wakaona bora likae nje. Likiruka, moto wake unatokea nyuma ya kasha. Na usitegemee kujaza upya baharini. Hiyo ni kazi ya bandarini, na kreni.

Lilikusudiwa kuvunja manowari zinazobeba ndege za Marekani, likienda zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti, umbali wa kilomita 500 hivi. Sasa angalia Moskva ilivyozama Aprili 2022: Ukraine ilisema imeipiga kwa makombora yake mawili ya Neptune yaliyorushwa kutoka nchi kavu, Urusi ikasema moto ulilipua silaha zilizokuwamo melini. Mimi naamini Neptune. Vyovyote vile, makombora yale ya ubavuni hayakuwa na msaada wowote pale, maana hayazuii kombora linalokuja. Hiyo ni kazi ya rada na makombora ya kujihami.