Nafuata video ya dedilifti kila kitu, mbona kiuno kinauma?

SWALI: Shikamoo kocha. Niko Mafinga, nimeanza tizi juzijuzi tu, najifunza dedilifti, ile ya kunyanyua nondo toka sakafuni mpaka unasimama wima, kwa video za mtandaoni. Nafuata yote, kifua juu, mgongo uingie ndani, goti lisipite vidole, nondo ianzie chini kabisa. Lakini nikitoka jim kiuno kinauma siku mbili. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kama maumivu yanashuka mpaka mguuni au unasikia ganzi acha vyuma kabisa uende hospitali, hilo halisubiri.

Kama ni kiuno tu, angalia pleti zako, zile sahani za uzito za kwenye ncha za nondo. Yule wa kwenye video anatumia pleti kubwa za olimpiki, kipenyo sentimita 45, kwaiyo nondo ikiwa chini bado iko kama sentimita 22 kutoka sakafuni, karibu katikati ya ugoko. Sasa jim zetu nyingi huku, Mwanjelwa ya Mbeya mpaka huko kwenu, pleti ni ndogo au ni za saruji zilizomwagiwa kwenye kopo la rangi, nondo inalala karibu na vidole vya miguu, na wewe unaambiwa "anzia chini" basi unainama mpaka kiuno kinajikunja chenyewe kabla hata hujavuta. Maelekezo yake ni sahihi ila kwa chuma chake yeye. Weka vipande vya mbao chini ya pleti mpaka nondo ifike katikati ya ugoko, Mafinga mabaki ya mbao hayakosekani, na ugongelee kipande kidogo pembeni pleti isibiringike. Usiweke tofali, linapasuka.

Alafu hiyo ya kuingiza mgongo ndani. Kocha anamwambia hivo mtu anayemuona mgongo wake umepinda kama upinde, anamrudisha katikati. Wewe ambaye ulishanyooka ukiongeza tena unabana uti wa mgongo kwa nyuma, na hapo ndo umebeba mzigo! Nyooka tu, vuta pumzi, kaza tumbo pande zote, basi.

Na goti, hilo watu wanalisema kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na nondo mabegani, na hata huko sio sheria. Mwaka 2003 mtafiti Fry na wenzake walipima wanaume 7, walipowazuia magoti yasipite vidole mzigo wa goti ulipungua kweli, lakini wa nyonga ukapanda kama mara kumi, mana mwili unalazimika kuinama mbele. Kwenye dedilifti goti likisogea mbele kidogo wakati wa kuanza ni sawa, nondo ikaribie ugoko tu.

Asubuhi hizi za baridi anza na nondo tupu seti mbili tatu. Maumivu yakiisha, weka uzito mdogo, jirekodi kutokea pembeni, simu usawa wa nyonga, unitumie pamoja na picha ya hizo pleti. Bila kukuona siwezi kukwambia zaidi ya hapa.