Kabla hujafungua mfuko wa vifaranga

Wadogo zangu mnaomaliza chuo na kuja kupandikiza samaki kwenye mabwawa yetu ya Dodoma, msijivunie idadi ya vifaranga mliomwaga. Hesabuni wanaorudi kwenye nyavu.

Norwei ililijua hili kwa gharama kubwa. Kituo cha kuangulia samaki cha Flødevigen kilianza mwaka 1884 kumwaga baharini vitoto vya chewa wa Atlantiki (cod) vilivyoanguliwa punde, kwa mamilioni, na hadi kazi hiyo ilipokoma mwaka 1971 hakuna aliyethibitisha kuwa wavuvi walinufaika. Vitoto vile havikuwa na alama; ungewatambuaje? Hawaii, miaka ya 1990, mkizi waliozalishwa kituoni walitiwa kipande cha waya chenye namba, kidogo mno, kabla ya kuachiwa. Hapo ndipo ilipoonekana jinsi ukubwa wa kifaranga na msimu wa kumwachia vinavyoamua nani atapona.

Mimi nilipopeleka vifaranga bwawa la Hombolo mara ya kwanza, nilikosea mapema zaidi: dukani. Nilinunua sato madume tupu. Wafugaji wa mabwawa ya kuchimba huwapenda, maana wakilishwa chakula chenye homoni wangali wachanga hugeuka madume, hukua haraka na hawazaliani wakajazana. Lakini bwawa la wavuvi linataka samaki wa kuzaa! Basi ulizeni wazi: hawa ni mchanganyiko? Tena ulizeni wazazi wao wametoka maji gani. Sato huzaana na perege wa asili wa mito yetu, na mbegu ikishachanganyika huwezi kuichambua tena. Pakiwa na perege wa kwenu, tafuteni wazazi humohumo bwawani, wawe wengi, na wabadilisheni. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu kifo cha vifaranga huonekana jioni ileile, ila mbegu iliyopotea haina anayeilia.

Kosa la pili lilikuwa saa. Nilifika saa saba mchana, jua la Dodoma mnalijua, nikafungua mifuko nikamimina. Kabla ya magharibi wengi walikuwa wanaelea. Msiwalishe siku moja kabla ya safari, fikeni alfajiri, iacheni mifuko ielee majini robo saa hadi nusu saa, kisha ingizeni maji ya bwawa kidogo kidogo hadi watoke wenyewe.

Na pakiwa bado panavutwa kokoro, wavu wa kuburuta unaozoa hata samaki wachanga, rudini na mifuko yenu, mkae kwanza na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi.

Siku hizi, ili niwatambue baadaye, mimi hukata ncha ya pezi la tumbo la kushoto kwa sehemu ya vifaranga, japo pezi huweza kuota tena, hivyo sichelewi kufuatilia. Nendeni mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, asubuhi, ombeni ruhusa kwa wavuvi, geuzeni samaki mmoja mmoja. Andikeni kwenye daftari hata siku ambayo hamkuona aliyekatwa pezi.