Tupu sio sifuri: yaliyonikuta na dagaa wa Kibirizi

Jana usiku dogo mmoja wa Tabora kanitumia meseji, "bro jumla yangu inatoka tupu na namba naziona kabisa kwenye tebo, nimerogwa?" Nikacheka, halafu kicheko kikakatika, maana mwenzio hiyo hiyo ilinikosesha kazi.

Hapa Kigoma kuna tajiri ana mitumbwi pale mwalo wa Kibirizi, akanipa nimtengenezee databesi. Nilikuwa nimejifundisha PostgreSQL, programu ya databesi, mwenyewe, kichwa kimevimba balaa. Kila mstari ni mtumbwi na usiku wake, kolamu tatu za kilo za samaki: dagaa, migebuka, kuhe. Kwenye kweri, yaani swali unaloiuliza databesi, nikaandika dagaa + migebuka + kuhe nikaenda zangu kulala. Asubuhi tajiri anafungua ripoti mbele za watu, mtumbwi ulioshusha kilo 180 za dagaa hauna jumla! Kisa kuhe hawakupata, karani kaacha wazi, databesi inaiita tupu hiyo NULL, na NULL ukiijumlisha na namba yoyote unapata NULL. "Kijana, nimepima mwenyewe, kompyuta yako inasema sijavua?" Watu wakaangua kicheko. Bado kinaniuma, sidanganyi.

Kosa la pili ndo la kijinga zaidi. Nikaijua COALESCE, inayoweka namba unayotaka penye tupu, nikaimwaga kila mahali kama chumvi, kila penye tupu pakawa 0. Jumla zikakaa vizuri, nikatamba. Kumbe dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala, na karani anauandika usiku huo bila kilo. Sasa chukua usiku wa kilo 40, usiku wa kilo 60 na usiku mmoja wa mwezi: AVG, ile ya kutafuta wastani, ikiachwa inaziruka tupu inakupa 50, mi na sifuri zangu nikatoa 33 na ushee. Tajiri akaona anaibiwa, akamfokea nahodha, mzee wa watu ana wajukuu. Ukweli ulipojulikana nikaondoka hata hela ya mwisho sijaiona.

Kwa hiyo dogo kabla hujagusa kibodi uliza hiyo tupu ina maana gani. Aliingia ziwani akakosa kuhe? COALESCE(kuhe, 0), halali kabisa. Hakutoka? Iache tupu. Na ukitafuta mistari yenye tupu usije ukaandika kuhe = NULL, hupati hata mstari mmoja, ni kuhe IS NULL. Ukihesabu pia angalia, COUNT(*) inahesabu mistari yote na COUNT(dagaa) inahesabu ile tu ambayo dagaa imejazwa, hata kama ni 0, mi siku hizi naziweka zote mbili pembeni nione zinapishana wapi. Na nimeongeza kolamu ya "alitoka", ndiyo au hapana, karani haruhusiwi kuiruka hata akinuna.

Vijana tunapenda njia za mkato sana, tunaona aibu kuuliza mtu aliyeshika daftari, eti sisi ndo wataalamu. Tebo yako nitumie nikuangalizie, ila kwanza kamuulize aliyejaza.