Chakula cha Makalasinga wa Makindu, na madai kwamba dini yao ilizuka kuupiga vita Uislamu

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mume wangu ni dereva wa lori, Mombasa–Nairobi. Akifika Makindu huingia kwa Makalasinga akala chakula cha bure. Jirani anasema ni haramu, eti hao ni Waislamu walioritadi na dini yao ilianzishwa kuupiga vita Uislamu. Ukweli ni upi?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Hilo la kuritadi si kweli. Mwanzilishi wa dini yao, Guru (yaani mwalimu) Nanak, alizaliwa mwaka 1469 huko Talwandi, Punjab, katika nyumba ya Wahindu, baba yake karani wa hesabu za ardhi. Alihubiri Mungu mmoja asiye na umbo, akakataa masanamu na ubaguzi wa matabaka. Mpiga rababu aliyefuatana naye safarini, Mardana, alikuwa Muislamu. Na katika kitabu chao, alichokikusanya Guru Arjan, kiongozi wao wa tano, mwaka 1604, mna beti za Baba Farid, walii wa Kiislamu wa tarika ya Chishti aliyezikwa Pakpattan. Hata hivyo wanaamini roho hurudi duniani kwa kuzaliwa upya, na hawafuati sheria aliyokuja nayo Mtume wetu (s.a.w.). Basi ni dini mbali, wala si kundi la Waislamu waliopotea.

Sasa hilo la vita. Nanak aliishi chini ya masultani wa Lodi, Waislamu. Aliyewang'oa ni Babur, Muislamu vilevile, aliyeshuka kutoka Kabul na kushinda Panipat mwaka 1526. Nanak alitunga beti za kulilia miji iliyoteketezwa, na humo anawataja wanawake wa Kiislamu wakisoma Qur'ani na kumwita Khuda katika mateso yao, bega kwa bega na wanawake wa Kihindu. Dada yangu, adui wa Uislamu hawalilii mama zetu namna hiyo.

Damu ilimwagika baadaye, na hatuna haki ya kuificha. Mwaka 1606 mfalme Jahangir, wa ukoo wa Babur uitwao Wamughal, aliamuru Guru Arjan auawe, akatesewa Lahore. Jahangir mwenyewe ameandika sababu: Arjan alimbariki Khusrau, mwana wa Jahangir aliyemwasi baba yake. Lakini anakiri pia kwamba tangu zamani alitamani kulifunga "duka" lile, yaani mafundisho ya Arjan, lililovuta Wahindu na Waislamu wengi. Mwaka 1675 mjukuu wa Jahangir, mfalme Aurangzeb, akamuua Guru Tegh Bahadur, kiongozi wao wa tisa, mjini Delhi. Ndipo mwaka 1699, huko Anandpur, mwanawe Gobind Singh akaunda Khalsa, jeshi la waumini wenye panga. Lakini waliompiga vita Gobind Singh hawakuwa Wamughal peke yao. Marajaa wa Kihindu wa milimani walishirikiana nao, kwa kuogopa nguvu mpya mlangoni mwao. Na Pir Buddhu Shah, Muislamu, alimpelekea wanawe na wafuasi wake kumsaidia vitani Bhangani.

Gavana wa Kimughal wa Sirhind alipotaka kuwaua watoto wawili wadogo wa Gobind Singh, Nawabu (mtawala Muislamu) wa Malerkotla, Sher Muhammad Khan, alipinga, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amepigana na baba yao. Hakusikilizwa. Makalasinga hawakumsahau: Punjab ilipogawanywa mwaka 1947 kwa mauaji ya kutisha, Waislamu wa Malerkotla waliachwa salama. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Maida, aya ya 8, chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Nawabu yule aliifanyia kazi.

Turudi Makindu. Jikoni kwao hakuingii nyama: ni dengu, mboga, chapati na chai, na watu huketi chini kwa safu, tajiri na maskini. Hakuna kichinjwa cha kukitilia shaka, kwa hiyo mumeo ale, na asisahau Bismillahi. Ile halua ya ngano na samli inayogawiwa ndani ya ukumbi wa ibada ndiyo nisiyompendekezea, kwa kuwa hiyo ni sehemu ya ibada yao. Aikatae kwa adabu, na ashukuru.

Wallahu a'lam.