Barua kwa mwanangu: yule mtoto wa Liyongo alikuwa anataka nini?

Mwanangu,

Mesej yako ya juzi usiku nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nikacheka, maana nimekukumbuka ulivyokuwa mdogo ukiwakasirikia watu wa kwenye hadithi kana kwamba wanakaa nyumba ya pili, ya pili nikaona hapana, hili si la kujibu kwa mistari miwili ya simu. Unasema umemaliza utenzi wa Fumo Liyongo na unataka kujua yule kijana alikuwa na akili gani, yani binti wa mfalme na cheo tu ndo vikufanye umchome baba ako sindano amelala? Alafu ukaongezea kwamba waandishi wanatudanganya, kwenye vitabu msaliti lazima aishie vibaya wakati huku nje unawaona wanakula bata na wanapewa kiti cha mbele. Basi kaa vizuri, baba ako ameandika ndefu.

Tuanze na Liyongo, yule shujaa jitu wa pwani yetu. Utenzi huo ni wa Muhammad Kijumwa, aliuandika mwaka 1913, ila hadithi yenyewe ni kongwe kuliko yeye. Kila mtu anakumbuka sindano ya shaba kitovuni, kitu pekee kilichoweza kumuua, wanachosahau ni kwamba mfalme wa Pate alikuwa ameshajaribu kila njia. Alitoa pesa kwa watu wamletee kichwa, wakapanga kula kikoa cha makoma, kila mmoja na zamu yake ya kupanda mkoma, ili zamu ya Liyongo ikifika akiwa huko juu wampige mishale, na yeye akachukua upinde wake akayaangusha makoma akiwa amesimama chini, wakabaki wanatazamana. Wakamtia gerezani. Mama yake akamfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa, huko nje likapigwa gungu, makelele ya ngoma yakafunika sauti ya tupa kwenye minyororo, akatoka. Nguvu zikashindwa, pesa kwa watu baki zikashindwa. Akabaki mtu mmoja tu duniani, mwanawe, anayeweza kukaa karibu na Liyongo akamuuliza, baba, ni kitu gani kinachokuua? na swali lisisikike kama la adui.

Kwa hiyo ule ukaribu unaokushangaza ndo kazi yenyewe. Adui hawezi kukusaliti hata akitaka, atakupiga, atakuibia, atakuua, lakini kusaliti hana nacho, maana hujampa kitu cha kukugeuzia. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako mi naona hawakuwa wanatutisha na ndugu zetu, walikuwa wanaeleza tu jinsi inavyokuwa.

Sasa kuhusu binti wa mfalme. Wewe umeangalia bei, na ukiangalia bei kila msaliti ataonekana mjinga, vipande 30 vya fedha kwa Yuda, Yusufu ameuzwa na ndugu zake kwa vijisenti, hakuna bei iliyowahi kutosha. Mi siku hizi nikifika pale kwenye hadithi sijiulizi huyu kalipwa nini, najiuliza alikuwa anataka kuonekana nani. Jaribu kuwa yule kijana dakika moja. Baba ako ni jitu, miji inatetemeka akipiga panda, ile baragumu yake, kila anayekusalimia anamsalimia yeye kupitia kwako, na wewe huna jina ila mwana wa Liyongo. Alafu siku moja ikulu inakuita wewe. Inakukalisha kwenye zulia, inasema tunakutaka wewe uwe mkwe wetu, wewe uwe waziri. Utenzi hausemi hivyo wazi, huo ni usomaji wangu, lakini ndivyo ninavyomwona: hakuuza baba ili apate mke, aliuza ili kwa mara ya kwanza awe mtu.

Na uone alichopata. Aliporudi na habari kwamba kazi imeisha, ikulu haikumwozesha mtu, mfalme akamfukuza, watu wakamchukia, akaugua akafa. Na jina lake? Mpaka leo tunamwita mwana wa Liyongo. Alichokuwa anakikimbia ndo kilichobaki peke yake.

Nikishaliona hilo hapo nikaanza kuliona kila mahali, na pengine nimezidisha, mama ako husema nikipata nadharia moja naivalisha watu wote. Lakini mchukue Okonkwo wa Chinua Achebe, kwenye Things Fall Apart, kitabu cha mwaka 1958. Amekaa na Ikemefuna, mtoto aliyetolewa na kijiji kingine kama fidia, miaka mitatu, kijana anamwita baba, mzee Ezeudu anakuja kabisa nyumbani kumwambia usitie mkono wako kwenye kifo cha huyu mtoto. Naye anaenda. Mtoto anapigwa panga la kwanza anamkimbilia yeye, baba yangu wameniua, na Okonkwo anachomoa lake anammaliza. Kwa nini? Achebe hajazunguka, anasema aliogopa kuonekana dhaifu. Hakuna pesa pale, hakuna binti wa mfalme. Maisha yake yote amekimbia asifanane na baba yake Unoka, mtu wa madeni na filimbi, aliyetupwa porini bila kuzikwa, na mwisho wa kitabu Okonkwo kajinyonga, ndugu zake hawaruhusiwi hata kumgusa, inabidi wageni ndo wamzike. Kafika kulekule kwa baba yake. Iago wa kwenye Othello, mchezo wa Shakespeare, sitamkalia sana, yule ananichosha, kila akifungua mdomo ana sababu mpya ya chuki yake mpaka unajua hata yeye haijui, ila angalia tu kwamba kilichomuuma kwanza ni Cassio kupewa cheo alichodhani ni chake, na mchezo ukiisha Iago anapelekwa kuteswa na Cassio ndo anakuwa mtawala wa Cyprus.

Sasa anayenikosesha usingizi ni Mugo. Najua A Grain of Wheat ya Ngũgĩ (1967) ulisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, yani ni kama hujaisoma, naomba uirudie. Mugo hataki kitu. Hataki cheo wala mke wala sifa. Ni yatima, kalelewa na shangazi mlevi aliyemdharau, kapata kashamba kake na anachotaka duniani ni aachwe alime. Alafu usiku Kihika, mpigania uhuru wa msituni, anaingia kwake, katoka kumuua D.O., yule afisa wa wilaya wa mkoloni, anasakwa, na anaanza kumwambia Mugo habari za ukombozi na kazi anayotaka amfanyie. Mugo hamchukii. Anamuogopa, kwa sababu huyu mtu ameleta dunia nzima ndani ya kibanda chake bila kuulizwa. Akaenda kwa mzungu akasema. Kihika akanyongwa.

Mtu aliyesaliti ili aachwe peke yake. Na Ngũgĩ anamfanyia kitu kibaya kuliko kumuua, anamfanya shujaa. Mugo kafungwa kizuizini, kakataa kusema, watu wakadhani ni ujasiri kumbe hana tu la kuwaambia, karudi kijijini wanamtungia nyimbo, wanakuja mlangoni kwake usiku, wanamwambia sherehe ya uhuru Desemba 1963 wewe ndo utasimama umzungumzie Kihika. Kila mtu anamtaka! Aliyetaka kuachwa hapumui kwa mapenzi ya watu, na msaliti wanayemtafuta wanadhani ni Karanja, aliyewatumikia wakoloni. Angenyamaza wangemuua Karanja kwa kosa lake. Mugo akapanda jukwaani akasema ni mimi. Hakuna aliyemlazimisha, na akijua wazi watamuua, na wakamuua. Nimesoma pale mara ngapi sijui na kila mara namwona kwa mara ya kwanza ana uhuru kidogo, dakika zile chache kati ya kusema na kushikwa.

Brutus, yule aliyemuua rafiki yake Kaizari kwenye mchezo wa Shakespeare, ni kesi ya peke yake kwa sababu yeye alikuwa na sababu nzuri, au alidhani anayo. Ukisoma ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, aliyoitoa kwanza mwaka 1963, utamsikia akiwaambia watu si kwamba alimpenda Kaizari kidogo, ila Roma aliipenda zaidi. Na hadanganyi. Dante, mshairi wa Italia, karibu miaka 300 kabla ya Shakespeare, alikuwa hataki kusikia hayo, kwenye jehanamu yake wasaliti wako chini kabisa kuliko wauaji, na hawako kwenye moto, wamegandishwa kwenye barafu, na shetani ana vinywa vitatu, kimoja anamtafuna Yuda, viwili Brutus na Cassius, mwenzake katika mauaji yale. Shakespeare kamchukua mtu yuleyule akampa heshima, mpaka adui yake anasema juu ya maiti yake kwamba huyu alikuwa mwungwana kuliko wote. Mi niko upande wa Shakespeare kwenye nia na upande wa Dante kwenye barafu, yani naamini Brutus alikuwa mkweli na bado naona baridi pale anapomshauri mwenzake tumuue kama sadaka siyo kama wachinjaji. Mtu akianza kutafuta maneno masafi ya kitu anachokwenda kufanya, mkimbie. Alitaka Roma isiwe na mfalme, ikapata kaizari baada ya kaizari.

Kuna mmoja anayeivunja hii nadharia yangu, na nisingekuwa mkweli nikimficha. Winston wa George Orwell kwenye Nineteen Eighty-Four, kile kitabu cha 1949. Yeye hakutaka kuonekana yeyote, walimsogezea kizimba cha panya usoni akapiga kelele mfanyieni Julia, mpenzi wake, sio mimi. Kuna kiasi cha hofu ambacho hakina tena nafsi ya kulaumu. Lakini angalia Orwell anachofanya baadaye, anawaacha wote wawili hai. Wanakutana siku ya baridi, kila mmoja anamwambia mwenzake nilikusaliti, kwa sauti ya kawaida kabisa, alafu hawana la kuongea. Hakuna aliyeadhibiwa. Hawapendani tena, basi.

Nimefika kwenye swali lako la pili, nilikuwa nalikwepa.

Unasema huku nje wasaliti wana kiti cha mbele. Ni kweli. Mi mwenyewe niliwahi kukalia kimoja. Wewe ulikuwa bado hujaanza shule, nilikuwa na rafiki kazini, tulianza siku moja, akaniambia kwa siri anatafuta kazi kwingine na barua ameshapeleka. Wiki hiyohiyo bosi akaniita, tukaongea ya kawaida, na sijui niseme nini, hakuniuliza hata, mi ndo nilitaka ajue kwamba mimi ni mtu ninayejua mambo ya watu humu ndani. Nikasema. Nikasema kama utani. Nafasi iliyokuwa yake nikapewa mimi, na yeye akaja kunipongeza, kanishika mkono kwa mikono miwili, hakujua na mpaka tumeachana hajajua. Mshahara ukapanda, nyumba tuliyohamia unaikumbuka, ile yenye ngazi. Ndo ile.

Hakuna kilichonipata. Sikuugua, sikufukuzwa, hakuna jukwaa lililoniita. Ila tangu siku ile kila nikimwona mtu anaingia kwa bosi na kufunga mlango, najua anachosema, kwa sababu najua ni rahisi kiasi gani. Nilikaa pale miaka sikuwa na rafiki hata mmoja, na sio kwamba walinikataa, mi ndo sikuweza kumwambia mtu kitu. Nilitaka bosi anione mtu wa ndani nikaishia nje ya kila mtu. Ungenitazama ungeona jamaa mpole mwenye kiti cha mbele. Mwandishi ana ruhusa ya kuingia na mtu mpaka chumbani kwake usiku, sisi huku nje hatuna, kwa hiyo sidhani wanatudanganya, wanaona tu mahali ambapo sisi hatufiki.

Mama ako anaijua hii. Wewe sasa ndo wa pili.

Kitu cha mwisho, na ndicho nilitegemea ungeuliza. Kwenye ule utenzi Liyongo anahisi. Kijana akimuuliza kitu gani kinakuua, yule mzee anaelewa katumwa, anamwonya kabisa kwamba hao wanakuhadaa, hawatakupa walichokuahidi. Alafu anamwambia. Sindano ya shaba, kitovuni. Angeweza kudanganya, angesema kitu kingine chochote akalala salama. Nilipokuwa kijana niliona ni ujinga wa majitu ya hadithi, baadaye nikadhani ni kiburi, kwamba hakuamini kijana ataweza. Siku hizi nafikiri alichoka kuwa mtu ambaye hata mwanawe lazima amfiche, akaamua kama nitaishi basi niishi kwa sababu huyu mtoto hakunichoma.

Kijana akamchoma. Liyongo akaamka na sindano mwilini, akachukua upinde wake akaenda akapiga goti karibu na kisima, mshale umeelekezwa, akafia palepale katika ule mkao, na watu siku kadhaa hawakuthubutu kwenda kuchota maji wakidhani bado anawalenga.

Kirudie kile cha Mugo alafu unipigie. Usitume mesej.

Baba ako