Farasi wa miaka miwili kashinda kwa urefu wa farasi wanne: anunuliwe au aachwe?

Mkuu, rekodi uliyoweka ni hii: farasi wa miaka miwili, mbio tatu, wa tano, wa pili, kisha kashinda kwa urefu wa farasi wanne kwenye mita 1,200. Unataka kumnunua, na unauliza kama akitimiza mitatu atapanda daraja na kuhimili mita 2,400. Kwa umri huo unanunua kile ambacho farasi bado hajakitoa, na hicho hakimo kwenye karatasi ya matokeo.

Ile nafasi ya tano isikusumbue. Secretariat, farasi maarufu wa Marekani, alibanwa vibaya alipotoka langoni katika mbio zake za kwanza, Julai 1972, akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata akashinda mbio kubwa za Belmont kwa urefu wa farasi 31. Tafuta video ya mbio hizo za kwanza na utazame mita 400 za mwisho. Joki (mpanda farasi) alipomhimiza, farasi alinyoosha hatua au alipandisha kichwa tu na kubaki palepale? Kwenye kona farasi hutanguliza mguu wa mbele wa upande wa ndani. Akiingia sehemu iliyonyooka anapaswa kubadilisha, maana mguu uliotangulia kwenye kona umeshachoka. Farasi mchanga asiyebadilisha huenda hajajua kazi tu, na hilo hufundishika. Ila akikataa mbio baada ya mbio, shuku maumivu. Usizime video kwenye mstari wa mwisho. Anayeendelea kuwapita wenzake baada ya mstari bado ana pumzi.

Sasa huo ushindi. Urefu wa farasi ni kama mita 2.4, na kwa kasi ya mbio unapitwa kwa takribani sehemu moja ya sita ya sekunde. Kwa hiyo pengo zima la farasi wanne halifiki hata sekunde moja. Lipime kwa uzito ambao kila farasi hubebeshwa mbioni. Kwa kanuni ya kukadiria, urefu mmoja ni sawa na pauni 3 hivi kwenye mita 1,000 na pauni 2 kwenye maili moja, na hupungua zaidi umbali ukiongezeka. Kwenye mita 1,200 chukua pauni mbili na nusu: urefu wa farasi wanne ni pauni 10, yaani kilo 4.5. Angalia basi aliyeshika nafasi ya pili alibeba nini. Kama alibeba kilo 3 zaidi ya wako, zimebaki kilo moja na nusu, na ule ushindi mnono umeshuka hadi urefu wa farasi mmoja na kitu. Na kama uwanja ulikuwa tope, punguza tena, kwa sababu kwenye tope waliochoka huachwa mbali kuliko uwezo wao halisi.

Halafu kasi iligawanywaje? Hapa ndipo wanunuzi wengi hupigwa. Farasi aliyeongoza peke yake huku mita 600 za mwanzo zikienda polepole amefika mwisho na akiba ambayo wenzake hawakupewa nafasi ya kuimaliza. Kinyume chake, mbio zikianza kwa fujo, anayetoka nyuma huonekana anachomoka kama risasi, kumbe wa mbele ndio wanaozimika na yeye anapungua kidogo kuliko wao. Chukua muda wake wa mita 400 za mwisho uulinganishe na wa mbio nyingine za siku hiyohiyo, uwanja huohuo. Muda wa jumla peke yake usiuamini, maana upepo, unyevu na uzio uliosogezwa vyote huubadilisha.

Ukiweza kusubiri wiki nne hadi sita, fuatilia wa pili hadi wa tano. Wawili wakishinda baadaye, mpandishe thamani. Wakiendelea kubaki mkiani, ujue aliwapiga dhaifu.

Uliza pia tarehe ya kuzaliwa. Kaskazini mwa dunia farasi wa mbio wote huhesabiwa kuongeza mwaka Januari 1, kusini mara nyingi Agosti 1, kwa hiyo wa Februari na wa Mei wanakimbia kama rika moja. Wa Mei mwenye rekodi hiyohiyo ndiye wa kutamaniwa. Aliyekomaa mapema anaweza kuwa ameshamaliza maajabu yake. Farasi Arazi alishinda Breeders' Cup Juvenile, mbio kubwa za Marekani za farasi wa miaka miwili, mwaka 1991 akaacha watu midomo wazi, akafanyiwa upasuaji wa magoti, na Mei 1992 akaingia Kentucky Derby, mbio kubwa za Marekani za farasi wa miaka mitatu, akipigiwa upatu kuliko wote. Alimaliza wa nane.

Mwilini, nyonga zikiwa juu kuliko mabega bado anakua, na hiyo ni habari njema. Eksirei ya juu kidogo ya goti itaonyesha kama mstari wa ukuaji (sehemu ambayo mfupa hurefukia) umefunga; kwa kawaida hufunga kati ya miezi 24 na 30. Bonyeza kwa dole gumba mbele ya muundi wa mguu wa mbele. Akishtuka, mfupa umeelemewa na mazoezi ya kasi. Ni jambo la kawaida kwa umri huo na mara nyingi hupona kwa mapumziko, usimkatae kwa hilo. Joto au uvimbe nyuma ya muundi, kwenye kano, ni kesi nyingine kabisa. Goti lililopinda kurudi nyuma mimi silinunui, kwa sababu kila hatua ya kasi inasaga sehemu ya mbele ya goti hadi vipande vya mfupa vinamegeka.

Kuhusu mita 2,400, soma baba, kisha watoto wengine wa mama yake walishinda umbali gani. Kipo pia kipimo cha damu cha jeni ya miostatini, inayodhibiti ukuaji wa misuli: aina ya C/C huelekea mbio fupi, C/T za kati, T/T ndefu. Ni mwelekeo tu. Anayevuta lijamu tangu langoni hafiki 2,400 hata damu ikisema nini. Mpitishe 1,600 kwanza, akimaliza akiwa bado anaongeza mwendo mpe 2,000, na hapo ndipo uwaze zaidi.

Kabla ya kulipa, daktari aingize kamera kooni baada ya mazoezi makali, si akiwa amesimama zizini tu. Farasi anayekoroma anapovuta pumzi huenda upande wa kushoto wa zoloto umepooza. Kwenye mita 1,200 anaweza kuficha tatizo hilo, kwenye 2,400 hawezi.