Teknishani wa maabara miaka sita cheo kilekile, nirudi chuo au nifanye kozi?

Swali: Mtaalamu habari za kazi. Mimi ni teknishani kwenye maabara ya utafiti, nina diploma na miaka sita kazini. Mashine ikisumbua naitwa mimi, wanafunzi wa uzamili nawaelekeza mimi, ila ukifika wakati wa kupandisha vyeo naambiwa sina digrii. Nirudi chuo au nikusanye kozi fupi?

Jibu: Mdogo wangu pole, ila usikimbilie fomu za chuo kwanza. Ni kweli kuna sehemu bila digrii hupandi, hiyo kaulize utumishi wakupe kwa maandishi muundo wa kada yako, yani ngazi za vyeo na sifa za kupanda, achana na maneno ya korido. Ila kwa ulivyoeleza mi naona kuna shida nyingine kubwa zaidi, kazi zako zote ziko kichwani na mikononi mwako, hamna karatasi hata moja inayozisema.

Chukua mfano wa pipeti ya maikrolita 1000, kile kifaa cha kunyonya na kupima kimiminika, najua unazicheki. Unaweka kichombo kwenye mizani, unatoa maji yaliyosafishwa mara kumi, kila mara unaandika uzito. Kwa nyuzi 20 inatakiwa isome kama gramu 0.997 hivi. Sasa wastani ukija 0.985, zidisha kwa 1.0029, namba ya kugeuza uzito wa maji kuwa ujazo kwa joto hilo, unapata maikrolita 988, yani pungufu 12, wakati ISO 8655, kiwango cha kimataifa cha pipeti, inaruhusu 8 tu juu au chini. Hiyo inatoka mezani. Wengi wetu tunaifungua, tunabadili sili, tunapima tena, imekaa sawa, tunairudisha na maisha yanaendelea, na hapo ndo tunajipunja! Andika tarehe, namba ya pipeti, joto la maji, vipimo vyote kumi kabla na baada, ulikuta nini na umefanya nini, alafu weka sahihi. Kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, ISO/IEC 17025 ya 2017, kinataka maabara za vipimo ziwe na rekodi za mafunzo na umahiri wa wafanyakazi wake, na hata kama yenu haijaomba ithibati, yani kutambuliwa rasmi kwamba inafuata kiwango hicho, siku wakiomba rekodi hizo zitatafutwa kwa tochi.

Kozi fupi sawa, ila usiwe mkusanya vyeti. Mi ninavyo vinne vya siku mbilimbili, havijawahi kuulizwa popote. Chagua mashine moja ambayo ikilala maabara nzima inalala, hiyo ndo uombee mafunzo ya kiwandani, na injinia akija kufanya sevisi simama naye mwanzo mwisho, muulize kila anachofungua. Ukimaliza andika mwongozo wa kurasa mbili wa kuitumia, jina lako likae chini.

Na hao wanafunzi unaowaelekeza, je machapisho yao yanakutaja? Kuna utaratibu wa kutaja nani alichangia nini kwenye makala, unaitwa CRediT, una aina 14 za mchango na majarida mengi yanautumia, kuandaa vifaa imo, kukusanya data imo. Ongea na mtafiti mkuu mapema, kabla makala haijaandikwa, maana ikishatumwa inakuwa kama unadai deni.

Digrii iombe baada ya kuusoma huo muundo, na iwe ya kada yako, maana nimeona mtu anarudi na digrii ya utawala alafu anaambiwa haihusiani na kazi yake. Kwenye tathmini ijayo nenda na faili la hizo rekodi zako, muulize bosi ni kipengele gani hasa kinakukwamisha, akikujibu mwombe aandike.